Je, Wajua? Mtoto Anayesusa Kunde Ana Sababu Zake

Kikima iko juu ya vilima vya Mbooni, kaunti ya Makueni, na soko lake hukusanya mazao ya nchi ya baridi na ya nchi ya joto pamoja. Huko huko juu hutoka maparachichi, ndizi, sukuma wiki na maziwa. Kutoka chini, upande wa Kalawa na kwingineko kwenye jua kali, hupandishwa ndengu, kunde, mbaazi, mtama na maembe. Kwa hiyo mama wa Kikima anayelalamika kwamba mtoto wake hali, mara nyingi hana maana kwamba nyumbani hakuna kitu. Chakula kipo, kimepikwa, kimepakuliwa, na mtoto wa miaka mitatu ameketi mbele ya sahani ya muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, akitoa maharagwe moja moja na kuyapanga ukingoni kama shanga. Mahindi atakula. Maharagwe, hapana. Kesho huenda akageuza: maharagwe ndiyo, mahindi hapana.

Bibi yake, ambaye kwa Kikamba ni susu, ana maelezo ya haraka: mtoto amedekezwa. Watafiti waliokaa na watoto mezani kwa karibu miaka 100 sasa wana maelezo mengine, na mengi yanamtetea mtoto kuliko yanavyomtetea susu.

Je, wajua kwamba mtoto akishatimiza mwaka hupungua kula, na hiyo ni kawaida?

Mtoto aliyezaliwa na kilo tatu hufikisha kilo tisa au zaidi kidogo anapotimiza mwaka mmoja. Yaani amejizidisha mara tatu. Mwaka wa pili huongeza kilo mbili au mbili na nusu tu. Mwili uliokuwa ukijenga kwa kasi umepunguza mwendo, na tumbo linajua hivyo kabla ya mama. Mama bado anapakua kwa kipimo cha jana, mtoto anakula kwa mahitaji ya leo, na tofauti kati ya hivyo viwili ndiyo inayobaki kwenye sahani. Watoto wengi wanaoletwa kliniki kwa sababu “hawali” hupandishwa mizani na kukutwa wako sawasawa kabisa kwenye mchoro wa ukuaji.

Je, wajua kwamba woga wa chakula kigeni huja pamoja na miguu?

Mtoto wa miezi minane hutia kila kitu kinywani, pamoja na mchanga na kamba ya kiatu. Lakini kuanzia karibu miaka miwili hadi sita huingia kipindi cha kukataa asichokijua, hasa mboga za majani na vitu vyenye uchungu. Mwanasaikolojia Paul Rozin wa Marekani aliandika sana juu ya kiumbe anayekula kila kitu: akiogopa vyakula vipya atakufa njaa, asipoviogopa atakufa kwa sumu. Wengi wanaoeleza tabia hii ya watoto hufuata njia hiyo. Mtoto wa mgongoni hulishwa na mama yake. Mtoto anayetembea huweza kufika kichakani peke yake, na vichaka vya Ukambani vina mbarika, ambao mbegu zake zenye madoadoa mazuri zina risini, sumu kali sana. Mtoto aliyekataa jani geni lenye uchungu alikuwa na nafasi nzuri zaidi ya kukua na kupata watoto wa kwake.

Na huo woga hurithiwa kwa kiasi kikubwa. Mwaka 2007 Lucy Cooke na wenzake wa London walichapisha utafiti wa jozi zaidi ya 5,000 za mapacha wa umri wa miaka 8 hadi 11 nchini Uingereza. Walikadiria kwamba asilimia 78 ya tofauti kati ya mtoto na mtoto katika kuogopa chakula kipya inatokana na urithi. Haina maana kwamba malezi hayana kazi. Ina maana kwamba mama mwenye watoto wawili, mmoja mlaji na mwingine mchaguzi, asijilaumu sana kwa huyo wa pili wala asijisifu sana kwa huyo wa kwanza. Tena kabla baba hajaanza kufoka, amuulize mama yake mwenyewe alikuwaje utotoni.

Je, wajua kwamba mtoto na ndege wa shambani wanakubaliana kuhusu mtama?

Mkulima wa nyanda kavu anajua kwamba mtama mwekundu wenye tanini nyingi ndege hawaushambulii sana. Mtama mweupe kama Gadam, uliosambazwa Ukambani kwa ajili ya viwanda vya bia, unahitaji mtu wa kukaa shambani na kombeo kutoka asubuhi. Tanini ndiyo inayokausha kinywa na kuufanya ulimi uhisi umepigwa msasa. Mpe mtoto uji wa mtama mwekundu mtupu, atakunja uso kama ndege angekuwa na uso wa kukunja. Wala si ulimi tu unaolalamika: tanini hushika madini ya chuma yaliyo katika chakula, mwili usiyapate yote. Kuotesha nafaka kabla ya kusaga, au kuuchachusha uji, hupunguza makali hayo. Susu alijua hilo bila maabara, na hapa nampa alama zote.

Uchungu wenyewe una kisa chake. Mwaka 1931 mkemia Arthur Fox wa kampuni ya DuPont, Marekani, alikuwa akimimina unga wa kemikali iitwayo PTC, vumbi likaruka. Mwenzake akalalamika kwamba hewa imekuwa chungu mno. Fox hakuhisi kitu. Wakaonja, wakabishana, wakawaonjesha wengine, na ikadhihirika kwamba watu wamegawanyika: wako wanaohisi uchungu ule na wako wasioujua kabisa. Jeni inayohusika zaidi ilitambuliwa mwaka 2003, nayo huitwa TAS2R38. Inahusika na uchungu wa jamii ya kabichi, yaani pamoja na sukuma wiki. Miaka miwili baadaye Julie Mennella na wenzake huko Philadelphia waliwapima watoto na mama zao, wakaona kwamba miongoni mwa wenye nakala moja ya jeni ya kuhisi uchungu, watoto waliutambua ukiwa hafifu kuliko watu wazima wenye jeni ile ile.

Fikiri sasa ugomvi wa jikoni. Mama anaonja sukuma na kusema, “Haina uchungu hii, kula.” Mtoto anaonja na kusema ni chungu. Wote wawili wanasema kweli.

Mwaka 2021 watafiti wa Australia waliongeza jingine. Mboga za jamii ya kabichi zikitafunwa, bakteria wa kinywani huzifanya zitoe harufu ya salfa, na watu hutofautiana mno kwa kiasi cha harufu hiyo. Watoto waliotoa nyingi ndio waliozichukia zaidi mboga hizo. Mzazi na mtoto wake walielekea kufanana, ila mtu mzima huwa ameshazoea.

Dawa ya uchungu iko chunguni. Paul Breslin na Gary Beauchamp walionyesha mwaka 1997 kwamba chumvi hufifisha uchungu, na utamu uliofunikwa na uchungu hujitokeza. Chumvi kidogo, basi, na kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka hata hiyo kidogo haihitajiki. Mafuta na maziwa nayo hulainisha. Ndiyo maana kunde zilizochumwa changa, zikachanganywa na mchicha au majani ya malenge na kumalizwa kwa maziwa, huliwa na mtoto aliyezikataa zilipochemshwa peke yake. Mboga iliyokomaa, ikachemshwa maji mengi na kuletwa mezani ikiwa imenyauka, mimi mwenyewe siili.

Je, wajua kwamba mapishi ya mama humfikia mtoto kabla hajazaliwa?

Ladha za chakula cha mama hupita hadi kwenye maji yanayomzunguka mtoto tumboni, kisha hupita kwenye maziwa. Mennella, huyo huyo wa Philadelphia, aliwapa wajawazito na wanaonyonyesha maji ya karoti, na mwaka 2001 akachapisha kwamba watoto wao walipoanzishwa nafaka yenye ladha ya karoti waliipokea vizuri kuliko watoto ambao mama zao walikunywa maji matupu. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza, wakaenda mbali zaidi. Kati ya wajawazito wapatao 100, baadhi waliwapa vidonge vya unga wa karoti na wengine vya unga wa mboga ya jamii ya sukuma wiki, wakatazama nyuso za watoto tumboni kwa mashine ya picha. Waliopata karoti walionyesha zaidi uso kama wa kucheka. Waliopata mboga walionyesha zaidi uso kama wa kulia.

Mtoto wa Mbooni, kwa hiyo, anaweza kuwa alianza kuisusa sukuma wiki kabla ya kuandikishwa kliniki. Lakini funzo la karoti lina faida kwa mama: mjamzito anayekula kunde, ndengu na mbaazi anamtambulisha mtoto kwa meza ya nyumbani, na anayenyonyesha anaendelea na utambulisho huo. Anayeishi kwa chai na mkate miezi tisa anamtambulisha kwa chai na mkate.

Je, wajua ni mara ngapi?

Hapa ndipo wazazi wengi hushindwa, na si kwa kosa la mapishi. Mwaka 1982 Leann Birch na Diane Marlin, Marekani, waliwaonjesha watoto wa miaka miwili vyakula wasivyovijua, vingine mara chache, vingine hadi mara 20. Kadiri mtoto alivyokionja chakula mara nyingi ndivyo alivyokipenda. Tafiti zilizofuata zimeonyesha kwamba mara 8 hadi 15 ndicho kipimo cha kawaida. Sasa linganisha: uchunguzi uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2004 uliwauliza wazazi wa watoto wadogo walitoa chakula kipya mara ngapi kabla ya kuamua kwamba mtoto hakipendi. Wengi walisema mara tatu hadi tano.

Mtoto alikuwa bado yuko njiani, mzazi akarudi nyumbani.

Kuonja hapa ni kuonja kweli, kipande cha ukubwa wa punje ya mbaazi, siku moja moja, bila hotuba. Mtoto akikitema, ameonja. Ukibandika kunde nusu sufuria mbele yake kila jioni, umeharibu kunde na umeharibu jioni. Weka kijiko kimoja kando ya anachokipenda, ule zako mbele yake, mzungumze mambo mengine.

Kuiga nako kuna nguvu ambayo mama peke yake hana. Mwaka 1980 Birch alimketisha mtoto aliyependa mboga fulani pamoja na wenzake waliopenda nyingine. Baada ya siku chache mtoto alianza kuchagua kama wenzake, na upendeleo huo ulibaki. Wanaokumbuka sinia moja la watoto wote wa boma, mikono mitano kwenye ngima (ugali) moja, wanajua hali ilivyokuwa: anayechambua maharagwe huinua macho na kukuta yamekwisha.

Je, wajua kwamba Rais wa Marekani aliwahi kususa mboga hadharani?

Mwezi wa Machi 1990, George H. W. Bush aliwaambia waandishi wa habari kwamba hali brokoli. Akaeleza kwamba mama yake alimlazimisha kuila tangu utotoni, na kwa kuwa sasa ni Rais, haili tena. Alikuwa na umri wa miaka 65. Wakulima walioudhika wakapeleka Washington shehena ya brokoli ya takriban tani kumi, nyingi ikagawiwa wahitaji. Bi. Bush mkubwa alishinda kila jioni ya utotoni na akashindwa vita vyote.

Waliopima jambo hilo kwa watoto walipata vivyo hivyo. Mwaka 2006 Amy Galloway na wenzake walichapisha jaribio la supu: watoto wa umri wa chekechea walipewa supu, wengine wakihimizwa mara kwa mara wamalize, wengine wakiachwa. Waliohimizwa walikula kidogo kuliko wenzao, na manung'uniko yao yalikuwa mengi zaidi. Hiari yashinda utumwa, hata mbele ya bakuli.

Hongo nayo ina ubaya wake. “Maliza mboga nikupe biskuti” ni mkataba ambao mtoto anauelewa vizuri kuliko aliyeuandika: mboga ni kazi, biskuti ni mshahara. Majaribio ya Birch ya mwaka 1984 yalionyesha kwamba kinywaji ambacho watoto walilipwa ili wakinywe hawakukipenda tena baada ya malipo kama walivyokipenda kabla. Mtaalamu wa lishe Ellyn Satter amefundisha tangu miaka ya 1980 mgawanyo mmoja rahisi wa madaraka: mzazi huamua kinaliwa nini, wakati gani na wapi, mtoto huamua kama atakula na kiasi gani. Mzazi wa Kiafrika akisikia hivyo mara ya kwanza huona serikali imepinduliwa. Ukitazama vizuri, sehemu kubwa ya madaraka imebaki kwake.

Je, wajua kwamba kuna watoto walioachiwa meza yote?

Mwaka 1926 daktari Clara Davis alianza jaribio ambalo leo lingekataliwa na kila kamati ya maadili. Alichukua watoto waliokuwa ndio kwanza wanaachishwa ziwa, ambao hawakuwa wameonja chakula cha watu wazima, akawalea kwa miezi au miaka katika wadi maalumu, kazi aliyoiendeleza Chicago. Jumla yao walikuwa 15. Kila mlo, sinia liliwekwa mbele ya mtoto: nyama, maini, mafuta ya ndani ya mifupa, mayai, samaki, maziwa ya aina mbili, nafaka, matunda, mboga. Orodha nzima ilikuwa na aina zaidi ya 30, na kila mlo ulileta sehemu yake. Wauguzi waliamriwa kukaa na kijiko mkononi bila kupendekeza, bila kusifu, bila kukemea. Mtoto akinyooshea bakuli mkono, muuguzi anachota. Asiponyoosha, muuguzi anakaa.

Walikula kwa mitindo ya ajabu. Hakuna wawili waliolingana, na mmoja angeweza kushambulia chakula kimoja kwa siku kadhaa kisha akakiacha. Lakini wote walikua na afya njema. Mmoja aliyefika na matege alikuwa akiwekewa mafuta ya ini la chewa mezani. Aliyanywa kwa hiari yake, kwa kiasi tofauti kila siku, hadi mifupa ilipopona, kisha hakuyahitaji tena.

Wengi husimulia kisa hiki kuthibitisha kwamba mwili wa mtoto una hekima yake. Davis mwenyewe, katika muhtasari wake wa mwaka 1939, alionya kwamba siri iko kwenye orodha ya vyakula. Mezani hapakuwa na sukari, unga mweupe wala kitu cha kopo. Mtoto angechagua vibaya vipi, na hakuna kibaya cha kuchagua?

Turudi Kikima na tuulize swali hilo hilo. Kati ya uji wa asubuhi na chakula cha jioni, mtoto hupita mbele ya vibanda vingapi? Peremende, biskuti, krispi, juisi ya rangi kwenye pakiti, andazi. Kisha saa moja jioni anaitwa mchaguzi. Kwa maoni yangu watoto wengi wanaoitwa wachaguzi wameshiba tu. Wamelishwa na mjomba aliyepita na shilingi kumi.

Je, wajua kwamba chai nayo ni mshindani?

Chai ya maziwa yenye sukari ni kifungua kinywa cha nyumba nyingi za Kenya, na mtoto wa miaka miwili hupewa kikombe chake kama mtu mzima. Inamshibisha. Isitoshe, majani ya chai yana tanini zinazozuia mwili kupata madini ya chuma ya maharagwe, ndengu na mboga. Maziwa matupu nayo yana mpaka, na hili liwafikie wafugaji wa Mbooni wasiopungukiwa nayo: mtoto anayekunywa zaidi ya nusu lita ya maziwa ya ng'ombe kwa siku hukosa nafasi ya chakula kingine, na hatari ya kupungukiwa na chuma huongezeka.

Anayepungukiwa na chuma hupoteza hamu ya kula. Hapo mduara umefunga: hali kwa sababu hana damu ya kutosha, hana damu ya kutosha kwa sababu hali. Mtoto wa namna hiyo anaweza kuonekana akilamba udongo wa ukutani au akitafuna zile kokoto laini zinazouzwa sokoni, odowa. Kupigwa hakutamsaidia, apimwe damu.

Kipande cha embe, chungwa au papai pamoja na ndengu husaidia, kwa kuwa vitamini C huurahisishia mwili kuchukua chuma cha mimea. Makueni inayo maembe ya kutosha hata ikajengewa kiwanda chake cha matunda Kalamba, kilichoanza kazi mwaka 2017. Ni jambo la kusikitisha mtoto wa kaunti hiyo kunywa maji ya rangi yaliyochorwa embe kwenye pakiti.

Kuhusu embe bichi na chumvi, au ukwaju unaonyonywa hadi meno yanakufa ganzi, usihangaike sana. Mwaka 2003 Djin Gie Liem na Mennella waliwaonjesha watoto wa miaka 5 hadi 9 na mama zao vitu vya ukali mbalimbali. Zaidi ya theluthi ya watoto walipenda vile vikali kupita kiasi; karibu hakuna mtu mzima aliyevitaka. Tena watoto hao wapenda ukali ndio waliokuwa na woga mdogo wa vyakula vipya.

Je, wajua kwamba dawa iliyofichwa huua chakula?

John Garcia na wenzake walionyesha mwaka 1955 kwamba panya aliyekunywa maji matamu na kisha akaugua huyakwepa maji hayo baadaye, hata kama hayakuhusika. Binadamu ni vivyo hivyo. Mama anayesaga kidonge kichungu na kukificha ndani ya uji anaweza kumwondolea mtoto malaria na uji kwa pamoja. Hilo lilijulikana vizuri kwa waliotengeneza kidonge cha malaria cha watoto kinachoyeyuka majini, kilichotolewa mwaka 2009. Kabla ya kuchagua ladha, watoto wa shule wa Tanzania wa miaka 7 hadi 10 walionjeshwa tatu: stroberi, chungwa na cheri. Cheri ikashinda, tunda ambalo halioti kwetu. Tafadhali, dawa ipewe kama dawa, na uji ubaki uji.

Je, wajua kwamba muthokoi unafanya zaidi ya kulainisha?

Mahindi makavu hulowanishwa kidogo, hutwangwa kinuni hadi ganda litoke, hupetwa na kuanikwa. Siku hizi mashine imechukua kazi ya mchi, na sokoni utaupata kwa gorogoro. Kwa mtoto, ganda ndilo tatizo: isyo, yaani githeri, ya mahindi yenye maganda humchosha taya kabla hajashiba, wakati muthokoi uliochemshwa vizuri na mbaazi hutafunika kwa meno machache. Lakini liko jingine. Mwaka 2004 aflatoksini, sumu ya ukungu wa mahindi, iliua watu 125 kati ya 317 walioripotiwa kuugua, Makueni na Kitui zikiwa ndizo zilizoumia zaidi. Mwaka 2008 watafiti wa Kenya walichapisha vipimo vya mahindi yaliyokobolewa kuwa muthokoi: kukoboa peke yake kuliipunguza sumu hiyo kwa karibu nusu kwa wastani.

Kupungua si kuisha, na kuchemsha hakuiondoi. Mahindi yaliyoota ukungu hayafai kukobolewa wala kupikwa. Na mtoto akisema muthokoi wa leo una ladha mbaya, onja kabla ya kumkaripia.

Je, wajua wakati gani si uchaguzi?

Uchaguzi wa chakula ni tatizo la sahani iliyojaa, na Ukambani si kila sahani hujaa. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2014 ulikuta asilimia 46 ya watoto wa Kitui walio chini ya miaka mitano wamedumaa, sawa na Pokot Magharibi, wakati kiwango cha nchi nzima kilikuwa asilimia 26. Kufikia utafiti wa mwaka 2022 kiwango cha nchi kilishuka hadi asilimia 18. Mtoto aliyedumaa kwa mlo wa aina moja mwaka mzima haitwi mchaguzi. Hakupewa cha kuchagua.

Hata penye chakula, ziko dalili zisizosubiri mara ya kumi na tano. Mtoto anapungua uzito au mstari wake kwenye mchoro wa ukuaji umelala kwa miezi. Anakohoa au kupaliwa kila anapokula. Ameacha ghafla vyakula alivyovipenda. Ana homa, minyoo, vidonda vya kinywa, viganja vyeupe. Amebakiza vyakula vitatu vinne tu na kingine chochote kinamtia hofu ya kweli. Hali hiyo iliingizwa kwenye mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani mwaka 2013 kama ugonjwa unaojitegemea, na una matibabu. Utepe wa kupima mkono ukisoma chini ya sentimita 11.5 kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka mitano, huo ni utapiamlo mkali, unatibiwa siku hiyo hiyo.

Ukiona lolote kati ya hayo, usingoje siku ya chanjo. Beba kijitabu cha afya ya mama na mtoto, nenda kliniki, umweleze muuguzi kila alichokula mtoto tangu jana asubuhi, pamoja na chai, biskuti na shilingi kumi za mjomba.